Nyumba Yetu ya Chini ya Mashua

Wiki iliyopita walikuja mafundi kumwaga lami mbele ya duka la vipuri ninapofanya kazi, hapa Ras Al Khor. Jua la kwetu Dubai mnalijua, halihitaji maelezo. Lami ikachemka, mvuke wake ukaingia ndani mpaka kwenye makatoni ya pedi za breki, wenzangu wakaziba pua na kulalamika kwa lugha zao zote. Mimi nikasimama mlangoni nikaivuta ile harufu kwa kifua kizima, machozi yakanitoka. Arbab, yaani bosi wangu, akaniuliza, "Rukia, unaumwa?" Nikamjibu, "Hapana arbab, nimefika nyumbani." Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua la utosi. "Khalas," akasema, "kunywa maji kisha urudi kazini."

Nyumbani nilikokusudia si Dubai nilikozaliwa, wala si Unguja walikotoka wazee wangu. Ni mashua moja kuukuu iliyopinduliwa kwenye majani, katika pwani ya Ufini, sehemu ya mashamba na misitu ya misonobari inayoteremka mpaka baharini. Jina la mahali penyewe sitalitaja. Pana majina mawili, moja la Kiswidi na moja la Kifini, na nikitanguliza lolote kati ya hayo nitakuwa nimeshaanzisha ugomvi.

Tulikuwa tunakaa Al Muraqqabat, kwenye flati tuliyogawana na jamaa za baba. Kila asubuhi mama yangu, Bi Zuhura, alipanda basi kwenda Al Warqa kumlea mtoto wa mume na mke waliotoka huko pwani ya Ufini. Mtoto mwenyewe akiitwa Saga, rika langu, nywele nyeupe kama pamba ya mto. Siku zisizo za shule mama alinichukua nikacheze naye. Saga alilelewa na mama tangu hajaota jino, kwa hiyo Kiswahili alikijua kama mimi, tena cha Unguja hasa, na matusi madogo madogo ya kitoto. Nikilia kwa kitu kidogo alinibinulia mdomo: "Mdeko huyo! Mwana wa kudeka!"

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Madam alisema na Saga Kiswidi tu, kwa kuwa ndiyo lugha ya kwao. Sir alisema naye Kifini tu, kwa kuwa ndiyo lugha ya kwao yeye. Wenyewe kwa wenyewe walisema Kiingereza. Wote wawili walizaliwa kijiji kimoja. Mimi kwa akili yangu nilidhani wameshaachana kimyakimya, wamebaki kugawana mtoto, kila mmoja na nusu yake, na Kiingereza ndicho ukuta waliojenga katikati ya sebule. Nilimwonea Saga huruma mpaka nikawa nampa chipsi zangu.

Mwaka ule Saga alikuwa amefika umri wa kuanza shule, wakaamua kwenda kwao kiangazi kizima. Madam akamwomba mama wafuatane. Mama akasema, "Nitakwenda madam, lakini na mwanangu." Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege mara yangu ya kwanza, nimevaa koti la baba lililonifika magotini, kwa sababu baba alisikia Ufini ni barafu. Tulifika kuna joto la kupendeza na mbu wakubwa kama nzi.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni usiku: haukuwepo. Mama alitandika msala chumba cha juu, akakaa anangoja Magharibi. Jua likashuka, likashuka, likafika juu ya misonobari na kukaa pale kama mgeni asiyetaka kuaga. Mama akampigia baba simu.

"Baba Rukia, huku jua limekwama."

"Lisukume," baba akacheka.

"Wallahi sikutanii! Tangu saa ngapi nimetawadha!"

Kilichonishtua tena ni bango la njiani. Pale kijiji kinapoanza palikuwa na bango lenye majina mawili, moja juu na moja chini, na mtu alikuwa amelipaka moja rangi nyeusi, likawa kama jino bovu. Nikamuuliza Sir, aliyelipaka kakasirishwa na nini? Sir akakaza macho barabarani. Madam akageukia dirishani. Nikajua nimegusa mambo ya watu wazima. Lakini sikuelewa kabisa. Dubai kila bango lina Kiarabu juu na Kiingereza chini, na sijawahi kumwona mtu akigombana na bango.

Kule kijijini kulikuwa na wazee wawili ambao kwao ndiko tulikofikia. Mama yake Sir alikaa upande wa msituni, na baba yake Madam alikaa upande wa bahari. Wa kwanza wakimwita Mummo, yaani bibi kwa Kifini cha huko, na wa pili wakimwita Morfar, yaani babu mzaa mama kwa Kiswidi. Mimi nilidhani ni majina yao, nikawaamkia "Shikamoo Bi Mummo," "Shikamoo Mzee Morfar," nao wakaitika kwa kichwa kama waliozoea. Mummo alikuwa mfupi, mpana, mikono myekundu ya kazi. Morfar mrefu, kofia haimtoki kichwani, anatembea kwa fimbo.

Kila Jumapili wote walikutana kwa kahawa uani kwa Morfar, na hapo ndipo nilipoona mambo. Mummo akitaka sukari, alimwambia mwanawe kwa Kifini. Sir akamwambia Madam kwa Kiingereza. Madam akamwambia baba yake kwa Kiswidi. Ndipo Morfar aliposukuma bakuli. Kulirudisha bakuli ilikuwa safari ile ile kwa njia ile ile.

"Ya Rabbi," mama alininong'oneza. "Sukari hii imesafiri kuliko sisi."

"Mama, kwani bibi hawezi kunyoosha mkono?"

"Nyamaza, kula mkate wako."

Mkate wenyewe ulikuwa mdogo, mtamu, umesokotwa. Mama aliumega, akaunusa, akashtuka kama aliyemwona ndugu yake uwanja wa ndege. "Iliki! Rukia, hii iliki hii! Wameipata wapi hawa?" Tangu siku hiyo Mummo akawa anamwekea mama mikate kwenye kitambaa, na mama naye akampikia vitumbua kwa kikaango cha mayai, na hakuna aliyewatafsiria lolote. Ila Jumapili ile niliona kitu kingine, nikakosa pa kukiweka kichwani: mkono wa Morfar ulikuwa unaanza kuelekea kwenye bakuli kabla Madam hajafungua kinywa.

Mashua ilikuwa nyuma ya ua wa Morfar, imepinduliwa juu ya magogo mawili, nyeusi kwa lami ya miti, mbao zimeanza kuoza kwenye pua. Mtoto aliweza kupenya chini yake kwa tumbo. Ndani kulikuwa na giza la peke yake katika nchi isiyo na giza, na joto, na ile harufu. Saga na mimi tukahamia mle. Tukatandika kanga ya mama iliyochakaa, tukaweka vikombe viwili, tukatunga sheria: viatu nje, na ndani Kiswahili tu. Morfar akaijua nyumba yetu. Alikuwa akija anagonga ubao kwa fimbo, ko ko ko, nasi tunapiga kelele, "Karibu!" Yeye husubiri kidogo, halafu mkono wake mrefu unaingia kwa chini na sahani ya mikate. Sijawahi kuwa na nyumba tangu hapo niliyoipenda vile. Hii ya sasa ina lifti na bado haifiki.

Humo ndimo Saga alimoniambia kuhusu masikio.

"Rukia, wataniziba sikio gani?"

"Nani akuzibe sikio?"

"Mama na baba. Huku mtu anaandikwa lugha moja tu. Shule ziko mbili. Ukienda ile, basi ni ile."

Hizo shule nilikuwa nimeziona. Majengo mawili, uwanja mmoja, na katikati mstari wa vichaka vilivyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Nikamwambia Saga alale chali, nikayachungulia masikio yake yote mawili kwa mwanga uliopenya kwenye nyufa. Nikamwambia yote mazuri, wasizibe hata moja. Hatukuwa tunatania. Tuliamini kabisa kwamba kuna daktari atakuja na pamba.

Ikafika sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Asubuhi upande wa Waswidi walitoa mlingoti mrefu, wakauvisha majani na maua kuanzia chini mpaka juu, na sisi watoto tukafunga mafundo. Ulipoinuliwa, watu wakapiga makofi, mimi nikaona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, nikasema nitafanya hivi hivi siku ya harusi yangu. Bado sijabadili nia.

Tulipokuwa tunarudi tukakuta trekta uani kwa Morfar. Vijana wa upande wa Wafini walikuwa wanaipandisha mashua yetu kwenye tela. Morfar amesimama pembeni, kofia mkononi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona upara wake. Saga akamkimbilia, akamuuliza kwa Kiswidi inapelekwa wapi. Morfar akamshika kichwa, akamjibu taratibu. Saga akanigeukia, uso unang'aa.

"Kasema inapelekwa ufukweni. Itapandishwa juu kabisa, kijiji kizima kije kuitazama!"

Basi tukafurahi. Mlingoti umevishwa maua na kuinuliwa, sasa ni zamu ya nyumba yetu. Tukaifuata trekta mbio mpaka ufukweni, na kweli, tukaona imejengwa chungu kubwa ya matawi makavu na mbao mbovu, imempita mtu mzima kimo, na mashua ikawekwa juu yake, imepinduliwa kama kofia, kamba yake ya puani inaning'inia mpaka mchangani. Niliona ni kiti cha enzi. Nikawa nashangaa tu maua yatafungwa wapi.

Mchana huo jikoni kwa Mummo, Madam na Sir walizozana kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi na Saga tulielewa kila neno.

"Jumatatu tunamwandikisha," Madam alisema. "Kiswidi."

"Kifini. Nilishasema."

"Mama yako hajui hata neno moja la kusema na baba yangu!"

"Na baba yako je?"

Saga akaweka uma chini. Mama akatutoa nje, lakini tulikuwa tumeshasikia.

Jioni watu walikusanyika ufukweni. Kwa saa ilikuwa jioni, ingawa jua lilikuwa bado linatazama. Kulikuwa na mzee mmoja anapiga kodiani, soseji zinachomwa, na watu wa pande zote mbili wamekaa kila mmoja na watu wake. Saga alinivuta mkono mpaka nyuma ya ile chungu.

"Mimi nahama."

"Unahamia wapi?"

"Nyumbani kwetu. Kule juu. Wakishamaliza mambo ya masikio yao nitashuka."

"Na mimi?"

"Wewe mnene, utaivunja."

"Mnene mama yako!"

"Usimwambie mtu. Apa."

"Wallahi," nikasema, nimenuna. Akapanda kwenye matawi kama paka, akaingia chini ya mashua kwa tumbo, kama tulivyozoea. Nikaona kisigino chake cheupe kikimezwa na giza. Nikarudi kukaa karibu na mama, nikala keki yangu na ya Saga, nikangoja maua.

Badala ya maua alikuja Mummo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote upande wake, na desturi yao ni hiyo. Vijana wakamkabidhi fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa, inawaka. Mimi nikadhani ni taa. Nikajiuliza taa ya nini na jua hili? Mummo akaenda upande wa bahari, akainama, akaigusisha fimbo kwenye matawi. Majani makavu yakalia kwa mlipuko, kama mahindi ya bisi. Moshi ukapanda. Watu wakapiga makofi.

Sijui nitawaelezaje. Nilikuwa nimekaa na keki mdomoni, nikaona watu wenye akili zao, watu waliotupa mikate ya iliki, wanachoma mashua. Wanachoma nyumba. Na wanapiga makofi. Halafu keki ikaanguka, sauti ikatoka.

"Mama! Saga yumo! Yumo ndani ya mashua!"

Mama akanigeukia, na wakati huo huo sauti ikatoka kule juu, nyembamba, imejaa moshi:

"Bi Zuhura! Moto! Bi Zuhura, njoo!"

Watu waliisikia. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Waliisikia, wengine wakageuza vichwa, mwanamke mmoja akatabasamu, maana kwao ilikuwa sauti ya watoto wageni wanaocheza. Ufuko mzima wa watu wa lugha mbili, na mtoto wao wenyewe akaomba msaada kwa lugha ya tatu.

Mama yangu ni mtu wa heshima zake, hakimbii hata basi likimwacha. Siku ile alikimbia. Alilitupa buibui mchangani, akapita katikati ya watu na sahani zao, akaanza kuyang'oa matawi kwa mikono. Mummo hakuelewa neno, lakini aliyafuata macho ya mama, akaona kipande cha mguu mweupe. Akaitupa fimbo baharini, akageuka, akapiga ukelele kumwelekea Morfar aliyekuwa kakaa karibu na ile kamba. Morfar akainuka bila fimbo yake, akaikamata kamba, naye akamjibu kwa ukelele. Wakawa wanapokezana maneno kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi. Vijana wakaelewa, wakaishika kamba na Morfar, mashua ikainuka upande mmoja, mama na Mummo wakaingiza mikono wakamvuta Saga kwa miguu, kichwa nyuma, kama anayezaliwa vibaya. Walikuwa hawajapiga hatua nyingi mashua ikarudi chini, lami ikashika moto, ikanguruma.

Kodiani ilikuwa imenyamaza. Kila mtu alikuwa amenyamaza, na si kwa ajili ya Saga peke yake. Mimi sikujua hata neno la lugha zile, lakini mlio wa kila moja nilishaujua, kama unavyojua ni nani anapanda ngazi kwa mwendo wake. Mummo alikuwa amepiga kelele kwa Kiswidi. Morfar alikuwa amemjibu kwa Kifini. Si neno moja moja la kuombea maji. Walisema chapuchapu, bila kutafuta. Nikamwona Sir, amekuja mbio, amesimama katikati ya wazee wale, mdomo wazi, anamtazama mama yake kama vile ndiyo kwanza anatambulishwa.

Saga alikuwa kifuani kwa mama yangu, mweusi kwa masizi, mzima, anatetemeka. Madam akapiga magoti mchangani, akanyoosha mikono, akamwita kwa Kiswidi. Saga akajificha shingoni kwa mama.

"Sitaki," akasema kwa Kiswahili.

Sir akamwita kwa Kifini.

"Sitaki! Nataka kwetu. Nataka kwa Bi Zuhura. Hawa wamechoma nyumba yetu!"

Madam akainua uso. Sitausahau ule uso. Akamuuliza mama yangu, kwa Kiingereza, pole pole, "Zuhura, anasema nini mwanangu?"

Mama yangu, aliyekuwa akinifinya nikisema uongo hata wa pipi, akamtazama Madam machoni na kusema, "Anasema anamtaka mama yake, madam. Anakutaka wewe." Kisha akambandua Saga kifuani, kidole kimoja kimoja, akamweka mikononi mwa Madam. Nami nikasimama pale, nimeshikwa na mshangao wa pili kabla wa kwanza haujaisha, maana kumbe uongo nao una siku yake ya kuwa sadaka.

Mambo mengine tuliyajua baadaye. Kijiji kizima kilijua kwamba mashua inachomwa. Ndiyo heshima ya mwisho wanayompa mashua mzee huko, haachwi aoze, anaondoka kwa moto mbele ya watu wote. Kule kila jambo husemwa mara mbili, matangazo ya dukani mara mbili, hata onyo la mbwa mkali mara mbili. Hili halikusemwa hata mara moja. Upande wa Kiswidi ulisema moto ni desturi ya wale, wao watawaeleza watoto. Upande wa Kifini ulisema mashua ni ya babu yao, yeye atawaeleza. Na Morfar naye aliyaruka maneno ya moto, kwa kuwa hakuweza kuyatamka mbele ya mjukuu.

Jumapili iliyofuata kahawa ilikuwepo. Mummo akaomba sukari kwa Kifini, Morfar akaisogeza. Hakuna aliyetafsiri. Sir hakuvumilia, akamuuliza mama yake tangu lini anajua Kiswidi. Mummo akamjibu kwa muda mrefu, na Sir akatueleza: alikijua tangu utotoni. Lakini ukiwaonyesha kwamba unajua ya kwao, hawatahangaika tena na ya kwako, na itakufa mdomoni mwako. Morfar akatikisa kichwa kukubali, maana na yeye hesabu yake ilikuwa hiyo hiyo, ila kwa upande wa pili.

"Kumbe ile sukari ilikuwa vita," mama akaninong'oneza.

Shule waliichagua wazee wenyewe pale pale mezani: Kiswidi asubuhi, na jioni kila siku kwa Mummo. Hakuna sikio lililozibwa. Ila Saga hakurudi nasi Dubai. Yeye na Madam walibaki kule. Madam alimkumbatia mama, akalia, akamwambia, "Zuhura, umeniokolea mwanangu." Halafu akamwambia kwamba sasa mtoto anahitaji kukaa na wao wenyewe. Mama akasema, "Naelewa, madam." Na alielewa, kuliko mimi. Mimi nilidhani tunaadhibiwa kwa kuokoa mtu. Siku ya kuondoka Saga alikaa chini ya meza ya jikoni, hakusema na mtu yeyote kwa lugha yoyote. Baba alitupokea uwanja wa ndege anacheka, "Jua mmelikwamua?" Mama akacheka naye, mpaka tulipofika ndani ya teksi.

Miaka imepita. Mama sasa anapika vitumbua na mikate ya kumimina kwa maagizo, miguu imechoka na mabasi. Mimi niko na pedi zangu za breki na ndoto zangu, siku moja nitafungua mkahawa wenye mlingoti wa maua mlangoni, inshallah.

Na mwezi uliopita Madam akapiga simu. Wamekuja Dubai matembezi, wangependa kutuona. Tukakutana Al Muraqqabat, kwenye mgahawa wa chini ya jengo letu. Saga akaingia. Mrefu, mabega ya muogeleaji, nywele zile zile. Mama akainuka, akamfungulia mikono, akamwambia kila neno la mapenzi alilokuwa amelihifadhi, kwa Kiswahili. Saga akamkumbatia vizuri, kisha akasema kwa Kiingereza safi kwamba samahani sana, haelewi.

"Amekisahau chote," Madam akasema, akamgusa mama mkono. "Hata neno moja. Inasikitisha, sivyo?"

"Si neno, madam," mama akasema. "Watoto husahau." Akakaa, akaanza kukunja karatasi ya kufutia mikono, akaikunja mpaka haikunjiki tena. Mimi nikatazama nje. Nilihisi ile mashua inaungua upya, polepole.

Chai ikaletwa. Sir na Madam wakainuka kwenda kuchagua vitafunio kwenye kioo. Walipogeuza migongo tu, Saga akainama mezani mpaka nywele zikagusa kikombe. Akagonga ubao wa meza kwa kidole. Ko ko ko.

"Bi Zuhura," akasema. "Najua. Najua yote. Nasema mwenyewe nikioga. Usiwaambie, watanichukulia Kiswahili changu."

Msichana mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka saba, hakikukua hata siku moja, kimekaa gizani kama tulivyokiacha, viatu nje. Nilitaka kupiga kelele kama siku ile. Akanitazama mimi, akabinua mdomo. "Na wewe bado mdeko. Machozi hayo."

Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanatetemeka, sijui kwa kilio au kwa kicheko. Madam akarudi na sahani, akamtazama binti yake, akamtazama mama yangu.

"Zuhura, amesema nini?"

Mama akajifuta macho, akakaa sawa.

"Anaomba sukari, madam."

Nikanyoosha mkono, nikamsogezea bakuli.